Shati la Drafti Nalo ni Letu

Mwaliko ulikuja kwa WhatsApp. Chini kabisa, baada ya ratiba na ramani ya ukumbi, kulikuwa na mstari mmoja: "Mavazi: ya Kiafrika." Ilikuwa ni jioni ya vitabu Dar es Salaam, nami nilikuwa mmoja wa watu wanne wa kukaa mbele na kuzungumzia uandishi wa mikoani. Nilivaa shati la drafti, bluu na nyeupe, mkono mfupi, nimechomekea vizuri. Mshereheshaji aliponitambulisha aliniangalia juu mpaka chini, akasema kwenye kipaza sauti: "Huyu mwenzetu amekuja Kizungu, tumsamehe, ni mwandishi wa habari." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, maana mtu akikutania mbele ya watu mia moja utafanya nini?

Lakini sikulala. Saa nane za usiku bado nilikuwa namjibu yule mshereheshaji kichwani. Haya ndiyo majibu. Simtaji jina wala siutaji ukumbi, kwa sababu tatizo siyo yeye. Kila mwaliko wa kifasihi niliopata miaka hii una mstari ule ule, na tafsiri yake inajulikana: vaa kitenge. Mwandishi mwanamume wa Kiafrika siku hizi ana sare kama mgambo. Picha ya nyuma ya kitabu, picha ya bango la tamasha, picha ya warsha, zote zina shati la kitenge lenye kola ya kusimama na nakshi kifuani. Asiyelivaa anasamehewa kwa utani, lakini kumsamehe mtu maana yake umekwisha kumwona ana kosa.

Hoja yangu ni fupi. Shati la drafti ni vazi la Kiafrika. Shati la mistari ni vazi la Kiafrika. Na sisi watu wa vitabu, ambao kazi yetu ni kuangalia, tumekataa kuliangalia kwa sababu limevaliwa na baba zetu kila siku.

Nianze na shati lenyewe, maana halikuwa shati la dukani. Lilishonwa na marehemu baba yangu. Alikuwa fundi cherehani Ipinda, wilayani Kyela, kwenye baraza la duka ambalo miaka yote halikuwa lake. Mashine ya mguu, benchi moja la wateja, msumari ukutani wa kutundikia kazi iliyokwisha. Kazi yake kubwa haikuwa kushona nguo mpya. Ilikuwa kuzipunguza, kuzipanua na kuzifufua nguo za mtumba. Mtu analeta shati la Mzungu mwenye tumbo, linatoka likiwa shati la mkulima wa kakao asiye na tumbo. Mikono mirefu inakatwa, kwa sababu joto la Kyela mwezi wa Novemba halina huruma, na kile kitambaa cha mikono kinatunzwa kwa ajili ya kubadilishia kola ikichakaa. Shati moja kwa mkono wa baba liliweza kuishi mara tatu.

Baba aliyasoma mashati kama ninyi mnavyosoma mashairi. Kitu cha kwanza alichoangalia kwenye drafti ni mfuko. "Angalia mfuko, mwanangu," alikuwa akisema. Fundi mzuri akikata mfuko wa kifuani, mistari ya mfuko lazima iungane na mistari ya kifua, ya wima na ya mlalo, mpaka mfuko upotee na ubaki uzi tu pembeni. Fundi mvivu anabandika mfuko popote, drafti zinagongana, na kifua kinaonekana kimevunjika. Halafu aliangalia pale vifungo vinapokutana: je, mraba wa kushoto unamalizikia wa kulia? Halafu mabegani. Kwa vitu hivyo vitatu alijua shati limeshonwa na mtu wa namna gani, hata kama lilitoka nchi ambayo hakuwahi kuiona. Kuunganisha drafti kunakula kitambaa, kwa hiyo anayekubali kuunganisha amekubali hasara ndogo kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Hilo nalo ni somo la uandishi, ingawa sikulijua wakati huo.

Alinifundisha pia kugeuza kitambaa. Drafti ya kweli haichapwi. Inafumwa. Nyuzi zinapakwa rangi kwanza, ndipo zinapandishwa kwenye mtambo, hizi za wima na zile za mlalo. Bluu ikikutana na bluu unapata mraba mzito, nyeupe ikikutana na nyeupe unapata mraba mweupe, na bluu ikikutana na nyeupe macho yako yanapata rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeichovya mahali popote. Ukigeuza upande wa ndani, ni ile ile. Drafti ya bei rahisi imechapwa juu tu, ndani ni nyeupe na hafifu. "Hii inadanganya," baba alikuwa akisema, anairudisha kwa mteja kwa heshima.

Sasa turudi kwenye kitenge, kwa sababu ndicho kilichowekwa kuwa hakimu.

Kitenge cha nta kina historia ndefu na nzuri, lakini siyo ile tunayojisimulia majukwaani. Ufundi wa kuchora kwa nta ni wa Java, huko Indonesia, iliyokuwa koloni la Waholanzi. Waholanzi wakaiga kwa mashine ili wawauzie Wajava batiki yao wenyewe kwa bei ya chini. Kampuni ya Vlisco, ambayo mpaka leo jina lake linatajwa kwa heshima kwenye maduka ya vitenge, ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi. Mwishoni mwa karne ya 19 kitambaa hicho kikapata wapenzi wakubwa Gold Coast, Ghana ya leo, na kutoka huko Afrika Magharibi sifa yake ikaenea. Wanawake wa sokoni wa Afrika Magharibi wakayapa maua yale majina na methali, wakaamua lipi linunuliwe na lipi life. Kwa kazi yao hiyo kitenge kikawa cha Kiafrika. Nakubali kabisa. Sisemi kitenge siyo chetu. Nauliza tu: kama kitambaa kilichobuniwa Java na kuchapwa Uholanzi kiliweza kuwa cha Kiafrika kwa sababu Waafrika walikivaa, wakakipa majina, wakazikana nacho, kwa nini kanuni hiyo hiyo isilihusu shati la baba yangu?

Na kama tunashindana kwa umri, drafti haina cha kuogopa. Mwingereza Richard Burton, aliyepita bara kutoka Pwani mpaka Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha vitambaa vilivyobebwa na misafara. Kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyopauliwa iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Kulikuwa na kaniki, ile nyeusi ya nili. Halafu kulikuwa na vitambaa vya rangi vyenye majina yake: barsati, bluu yenye mstari mpana mwekundu, na debwani, kitambaa cha Maskati chenye drafti ndogo za bluu na nyeupe, na ukanda mwekundu pembeni. Soma tena. Drafti ndogo za bluu na nyeupe. Zaidi ya miaka 160 iliyopita, migongoni mwa wapagazi, kabla Mjerumani hajafika na kabla kitenge cha Helmond hakijapata wapenzi Gold Coast. Wasafiri walilalamika kwamba kila mji ulikuwa na mtindo wake, na ukibeba rangi isiyotakiwa hakuna atakayekuuzia hata kuku. Maana yake watu wa bara walikuwa na jicho. Walijua drafti ipi wanaitaka na ipi hawaitaki. Leo sisi wajukuu wao, tena wasomi, tukiona drafti tunaona "Kizungu."

Pwani nao hawakulala. Kikoi, vazi la kiume la miaka na miaka, ni mistari. Sijawahi kumsikia mtu wa Lamu au Unguja akiambiwa amekuja Kizungu kwa sababu ya mistari ya kikoi chake. Lakini mistari hiyo hiyo ukiikata, ukaitia kola na vifungo, inageuka ukoloni!

Najua hoja ya pili inayokuja, na ni nzito kuliko ya kwanza. Mtaniambia siyo kitambaa, ni shati lenyewe. Shati lililetwa na misheni na mshahara. Ni kweli. Upande wetu wa ziwa Wamoravian na Waberlin walifika mwaka 1891, na kabla ya hapo wazee wetu walivaa magome ya miti na pete za shaba viunoni. Shati lilikuja pamoja na Jumapili, na daftari la mahudhurio, na kodi iliyomtoa mwanamume nyumbani kwenda kuitafuta fedha. Babu yangu alikwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu, miaka ya 1930. Wenzake walikwenda mbali zaidi, migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, na wengine Afrika Kusini kwa Wenela. Walirudi na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na mashati.

Hapo ndipo wasomi wetu wanaposimama: aliondoka na gome, akarudi na shati, basi ametekwa. Mimi naomba tusogee hatua moja mbele. Godfrey Wilson, ambaye pamoja na mkewe Monica waliishi na Wanyakyusa katikati ya miaka ya 1930, baadaye alikwenda Broken Hill, Kabwe ya leo nchini Zambia, kuwachunguza wafanyakazi wa mgodini. Alikuta kwamba sehemu kubwa sana ya fedha zao iliishia kwenye nguo, na akaeleza kuwa nguo kwa watu wale zilichukua nafasi ambayo ng'ombe wanaichukua kwa wafugaji: mali, mazungumzo, fahari, zawadi kwa ndugu. Hakuwaona kama nyani wanaoiga. Aliona watu walionyimwa haki ya kununua ardhi mjini, walionyimwa nyumba ya kudumu, wakaweka hadhi yao kwenye kitu pekee walichoruhusiwa kukimiliki na kusafiri nacho. Shati la drafti la babu halikuwa sare ya utumwa wake. Mgodi ulimpa namba, na shati alilichagua mwenyewe.

Kuna kitu kingine kinachonitia wasiwasi kuhusu mstari ule wa "Mavazi: ya Kiafrika." Ukanda huu wetu umekwisha kuonja amri za mavazi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, kwa jina la utamaduni wa taifa. Miaka hiyo hiyo Wamasai nao walikuwa wanaambiwa waache lubega wavae suruali, kwa jina la maendeleo ya taifa. Yaani binti wa mjini alikosea kwa kuvaa cha kigeni, na Mmasai alikosea kwa kutokuvaa cha kigeni. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na sheria miaka ya 1970: mwanamke marufuku kuvaa suruali au sketi fupi, mwanamume marufuku kufuga nywele ndefu na kuvaa suruali pana za chini. Wazee wa Kasumulu wanasimulia wanawake waliokuwa wakivuka mpaka na chitenje mkononi, wanakifunga juu ya suruali kabla ya kufika kwa askari.

Mshereheshaji wangu si Kamuzu. Alitania tu. Lakini mantiki ni ile ile kwa sauti ya upole: kuna mtu mahali fulani mwenye orodha ya nguo zetu na nguo zisizo zetu, na hakutuonyesha aliipata wapi.

Haya, tuje kwenye fasihi, maana hapa ni nyumbani kwa fasihi.

Kila mara mjadala huu ukianza, mtu anamleta Lawino. Okot p'Bitek alitoa Song of Lawino mwaka 1966, na tangu hapo Lawino amegeuzwa kuwa afisa utamaduni wa Afrika Mashariki. Lakini msomeni vizuri. Lawino anawacheka wanaume waliostaarabika kwa sababu wanavaa suti nzito na soksi za sufu katikati ya kiangazi. Kicheko chake kina akili ya mwili: jua linawaka, nanyi mmejifunga blanketi! Mimi nasema Lawino akija Kyela mwezi wa Novemba, akamkuta mzee wa Ipinda ndani ya drafti nyepesi ya pamba, vifungo viwili vya juu wazi, mkono mfupi uliokatwa na fundi, atampisha kivulini na kumpa maji. Akimkuta mwandishi jukwaani ndani ya kitenge kizito chenye bitana na nakshi kifuani, jasho likimtoka kama bomba, huyo ndiye atakayemcheka. Ocol wa leo amevaa kitenge, ndugu zangu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kurasa zenyewe. Riwaya ya Kiswahili inamjua mwanamke anavyovaa. Kanga ina jina, ina maneno, mke mwenza anayasoma, ugomvi unaanza. Tumeandika makala na tasnifu kuhusu maandishi ya kanga. Mwanamume je? "Alivaa shati na suruali." Akiwa tajiri, "suti." Akiwa masikini, "shati chakavu." Fungua riwaya iliyo karibu nawe uone. Mwanamume wa hadithi zetu anatembea kurasa 200 akiwa na shati lisilo na rangi, lisilo na mistari, lisilo na mfuko. Halafu mwandishi wake akialikwa jukwaani anavaa kitenge chenye rangi saba.

Simnyoshei mtu kidole. Nina kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ndefu ya wakulima wa kakao wa Kyela. Niliisifia mwenyewe. Kulikuwa na picha ya asubuhi, harufu ya kakao ikichachuka ndani ya majani ya migomba, mizani ya chama cha msingi, na mzee mmoja niliyemweleza hivi: "amevaa shati chakavu, macho yake yakiwa mbali." Baba akaisoma. Akanipigia.

"Ugonile, mwanangu. Nimeisoma. Nzuri. Sasa yule mzee alivaa shati gani?"

"Chakavu, tata. Nimeandika."

"Chakavu siyo shati. Nakuuliza shati gani."

Sikujibu. Sikuwa na jibu. Nilikaa na yule mzee saa tatu, nikaandika kurasa 9 za daftari, na sikumbuki kama lilikuwa drafti au mistari.

"Ile ilikuwa drafti ya kijani na nyeusi, kubwa," baba akasema. "Mimi ndiye niliyeibadilisha kola. Kola ni mpya ile. Wewe umeandika chakavu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anasahihisha kazi, kama angesahihisha pindo la suruali. Lakini nilielewa nilichokifanya. Yule mzee alijua napiga picha za gazeti siku hiyo. Alikuwa amevaa shati lake zuri. Alikwenda kwa fundi kwanza, akalipa, kola ikageuzwa, ndipo akaja kuzungumza nami. Mimi nilihitaji masikini kwa ajili ya aya yangu, nikamvisha uchakavu ambao hakuja nao. Neno moja la kivivu lilifuta maandalizi ya mtu mzima.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba suala la mashati ni dogo. Mashati ya drafti ni dogo kwa mtu anayewaona wanaume wa Kyela kwa mbali, kutoka dirishani mwa basi. Ukiwa karibu, drafti ni taarifa. Soko la mtumba linajua hilo kuliko sisi. Nendeni Kyela mjini siku belo linapofunguliwa, au Kasumulu, ambako mashati yanavuka mpaka kwenda na kurudi na ng'ambo yanaitwa kaunjika. Belo likikatwa waya, wanaopointi wanaingia wa kwanza, mikono inakwenda haraka kuliko macho. Hawasomi lebo kwanza. Wanashika kitambaa, wanageuza ndani, wanaangalia mfuko. Drafti ndogo ya rangi mbili inakwenda kwa walimu na makarani. Drafti kubwa ya Kiskoti, ile nene, inapandishwa gari kwenda Tukuyu na Makete kwenye baridi, kwa sababu huku chini ziwani itamwua mtu. Mistari myembamba ya wima ni ya wazee wa kanisa. Maua makubwa ya Hawaii ni ya vijana wa bodaboda na ya Matema siku za sikukuu. Ile drafti nyepesi ya rangi nyingi zilizofifia, ambayo Wazungu wanaiita madras kwa jina la mji wa India ilikotoka, mjini Kyela inagombewa, kwa sababu imefumwa kwa ajili ya nchi ya joto. Mhindi aliifuma kwa jua lake, ikaenda Marekani kuvaliwa kwenye likizo, ikatupwa, ikarudi kwenye jua kama lile ilikozaliwa. Huo ni mkasa wa riwaya nzima, na bado haujaandikwa na mtu.

Sasa nisije nikaonekana nauimbia mtumba nyimbo za mapenzi. Mtumba ni jeraha. Tulikuwa na viwanda. Urafiki pale Ubungo ulifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, Mwanza walikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 na mabelo yakaingia, viwanda vilivyokuwa tayari vinachechemea kwa vipuri na umeme havikuweza kushindana na shati la bure. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko la AGOA, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakataa na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye nafuu hiyo. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka ikiwa imechambuliwa tu, haijawa uzi.

Kwa hiyo mtu akija kwangu na hoja ya viwanda, namvulia kofia. Ila awe mkweli. Kitenge alichovaa jukwaani kimechapwa wapi? Aangalie pindo, pale panapoandikwa. Vingi vinavyouzwa madukani kwetu vimetoka Asia, na kile cha bei mbaya kimetoka Uholanzi. Kama shida ni pamba ya Shinyanga na ajira ya Ubungo, basi tudai nyuzi, tudai mitambo, tudai drafti iliyofumwa Tanzania. Nitakuwa mteja wa kwanza. Viwanda vikifufuka vinaweza kufuma drafti kama vinavyoweza kuchapa kitenge. Hoja ya viwanda haichagui nakshi. Ukiichanganya na hoja ya nani ni Mwafrika halisi, unapoteza zote mbili.

Baba alifariki. Kwenye msiba, kamati ilitoa uamuzi kwamba azikwe na suti, kwa heshima, na wanafamilia washone kitenge cha sare. Sikubishana. Msiba wa Kinyakyusa una watu wengi na mdomo wa kijana hauna nafasi kubwa. Suti ilinunuliwa dukani, ilikuwa imempwaya mabegani, na hapakuwa na fundi wa kuipunguza kwa sababu fundi ndiye aliyekuwa amelala. Watu waliokuja kuaga kutoka Ipinda, Matema na Lusungo walipanga mstari mrefu, na mimi, kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, niliangalia vizuri. Wanaume karibu wote walivaa drafti na mistari. Niliona kola zilizogeuzwa. Niliona mikono mifupi iliyokatwa kwa mkasi ninaoujua. Niliona mifuko iliyopotea ndani ya vifua. Nilikuwa naangalia miaka 30 ya kazi ya mtu mmoja ikipita mbele ya jeneza lake, shati baada ya shati, na hakuna aliyekuwa ameiandika popote. Mzee mmoja aliponishika mkono alisema "Ndaga fijo," akagusa mfuko wake wa kifuani kwa kidole, akaendelea na safari.

Shati nililovaa Dar lilikuwa la mwisho kwenye msumari. Lilikuwa la kwangu, alikuwa hajaliweka kifungo cha tano. Nimekiweka mwenyewe, hakifanani na vingine.

Basi haya ndiyo madai yangu. Kwa waandaaji wa matamasha: futeni ule mstari. Kama ni lazima muandike kitu, andikeni "Njooni nadhifu," kila mtu anaelewa. Kwa wahariri: mwandishi akikuletea "shati chakavu," mrudishie, muulize shati gani. Kwa waandishi wenzangu, hasa sisi tuliotoka mikoani tukajifunza kuwaangalia wazazi wetu kwa macho ya ukumbini: kabla hujampeleka mwanamume barabarani katika hadithi yako, mvishe. Drafti ndogo au kubwa? Imefumwa au imechapwa? Mfuko umeungana au haujaungana? Kola ya kwanza au ya pili? Ukishindwa kujibu, humjui bado mtu wako, na hadithi ingoje.

Na kwa yule mshereheshaji: jioni nyingine ya vitabu ikitangazwa, ukinialika nitakuja. Nitavaa lile lile. Safari hii usiniombee msamaha. Nipe kipaza sauti, nikueleze mfuko.